Nalepo na Swali la Nne

Kitabu cha kumi na mbili kiliporudi kutoka Dar es Salaam, Nalepo hakukifungua pale posta. Alikificha chini ya shuka lake, akafunga madumu yake matupu ya maziwa kwa kamba, akapata lifti ya lori la magunia kutoka Mikumi, akashuka nyumbani kwangu Kisanga akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Lekishon. Mbona umekumbatia hiyo bahasha kama mtoto mchanga?"

"Nifungulie wewe. Mimi mkono unakataa."

Niliikata kwa kisu cha jikoni. Ndani, pamoja na kitabu chenyewe, ilikuwa kazi yake mwenyewe, kurasa nane za mwandiko wake ulioinama kidogo, na wino mwekundu umepita kila mahali. Juu ya ukurasa wa kwanza waliandika alama: arobaini na nane. Kufaulu kulianzia hamsini.

Nilimpa asome. Alisoma kwa kidole mpaka mwisho, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kwenye pipa langu la maji, akaanza kuosha madumu. Aliyasugua muda mrefu kupita kiasi. Sikumfuata. Nimefundisha miaka mingi, na bado sijajua la kumwambia mtu aliyekosa alama mbili.

Hiyo ilikuwa Septemba, mwaka tisini na saba. Nalepo alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa msichana pekee wa boma lao kumaliza darasa la saba, na mwenyewe alipenda kusimulia kwamba haikuwa kwa sababu ya akili. Viongozi walipita kuandikisha watoto, baba yake akatazama nani hana ndama wa kuchunga siku ile, akamtoa yeye. Alipomaliza shule aliolewa na Koinet, akahamia tambarare za huku kwetu, na kwa miaka kumi hakushika kalamu.

Maziwa ndiyo yaliyomrudisha. Kwa Wamaasai maziwa ni mali ya mwanamke. Mume ana ng'ombe, lakini kilichokamuliwa ni cha mke, na mwanaume mwenye adabu zake haulizi kimekwenda wapi. Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa, hoteli ndogo zilichipua Mikumi kando ya barabara kuu kama uyoga, na madereva wa malori ya Zambia walitaka chai ya maziwa kuanzia alfajiri. Nalepo akawa na wateja wake. Siku moja mwenye hoteli alimfungia maandazi kwa kipande cha gazeti, na kwenye kipande kile palikuwa na tangazo la chuo kimoja kinachofundisha ualimu wa chekechea kwa njia ya posta. Vitabu kumi na viwili, kwa Kiswahili, unasoma ukiwa kwako. Alikula maandazi, akaniletea karatasi.

Kwa miaka miwili vitabu vilikuja kupitia sanduku la posta la shule yetu. Alivisoma Mikumi, akiwa amekaa juu ya dumu, akingoja hoteli zimalize kupima maziwa. Karani wa posta aliniambia kwamba kazi zake hunukia moshi kiasi kwamba hahitaji kusoma jina la mtumaji.

Mwanzoni nilidhani anasoma kwa hamu tu, kama mimi nilivyokuwa nikisoma zamani. Kumbe alikuwa na hesabu zake. Kitongoji chao kilikuwa na watoto zaidi ya thelathini wa umri wa chekechea, na shule yetu iko kilomita kumi na moja, na mto katikati. Kata ilikubali kufungua darasa la chekechea kwenye ghala la pamba la chama cha ushirika, lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi waanze kupita vijijini. Sharti lilikuwa moja: mwalimu awe na cheti kufikia Januari. Nalepo akikosa, angepelekwa Damiano, kijana wa Mikumi aliyemaliza kidato cha nne.

Damiano mwenyewe hakutaka. Nilikutana naye gulioni.

"Mwalimu, mimi nikalale na ndama? Thubutu! Wakinipeleka naenda, nasaini, narudi zangu mjini."

Alisema kwa kicheko, lakini alisema kweli. Hakujua neno hata moja la Kimaasai, na watoto wa miaka mitano kule hawakujua Kiswahili. Kila mtu alielewa kwamba darasa la Damiano lingekufa kabla ya Pasaka.

Kwa hiyo nilipokaa na ile kazi mezani, Nalepo akiwa bado anasugua madumu, nilitafuta zile alama mbili kama mtu anayetafuta sindano. Nilizipata kwenye swali la nne. Swali lilisema: Eleza mgawanyo wa kazi katika kujenga nyumba ya familia. Baba hufanya nini, na mama hufanya nini?

Nalepo alijibu hivi: "Mama hujenga nyumba. Mama hukata fito, huzichimbia, huzikunja na kuzifunga, halafu hukandika kwa samadi na udongo. Mvua ikivujisha, mama hupanda juu akaziba. Baba huweka miiba kuzunguka boma ili simba asiingie."

Msahihishaji alikata jibu lote kwa mstari mmoja. Pembeni aliandika: "Soma tena somo la tatu. Baba ndiye mjenzi. Mama huteka maji na kuwapikia mafundi."

Nililijua jibu lile. Niliwahi kuliona kabla halijatumwa, na nilimwambia Nalepo alibadilishe.

"Andika kama kitabu kinavyotaka," nilimwambia wakati ule. "Hawajui kwenu."

Alinicheka. "Mwalimu, umewahi kumwona Koinet na samadi mikononi?"

"Sijamwona."

"Na hutamwona. Sasa niandike nini?"

Hakubadilisha. Na sasa alikuwa nyuma ya nyumba yangu, na mimi sikuwa na furaha hata kidogo ya kuwa nilimwonya.

Aliporudi ndani mikono ilikuwa imekunjamana kwa maji. Aliketi, akafungua ukurasa wa mwisho wa kitabu, ule wa maelezo ambao hakuna mwanafunzi anayeusoma, akaniwekea kidole. Paliandikwa kwamba mwanafunzi asiyeridhika anaweza kuomba kazi yake isahihishwe upya, mradi barua yake iambatane na uthibitisho wa mratibu wa elimu wa kata.

"Mratibu ni Mzee Kornelio," nilisema.

"Namjua. Mkali?"

"Si mkali. Ni mtu wa vitabu."

Kornelio alikuwa Msagara mwenzangu, mtu wa Munisagara kule milimani, aliyelelewa na shule ya misheni na ambaye Jumapili husoma masomo kanisani kwa sauti ya kukemea hata pale Mtume anapobariki. Nilimpelekea karatasi ofisini. Alizisoma, akavua miwani.

"Yudith, kitabu ni kitabu. Kila mtu akijibu kwa desturi za kwao, tutasahihisha nini?"

"Unatakiwa kuthibitisha kama ni kweli, Mratibu. Basi twende ukaone."

"Nione nini? Nyumba zao nimeziona."

"Umeziona ukiwa barabarani."

Hakupenda, lakini kesho kutwa yake alikuja na baiskeli yake ya Finiksi, viatu vimepigwa rangi, nami nikapanda yangu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kudondoka mapema mwaka ule. Tulipofika kwenye boma, kitu cha kwanza tulichokiona ni Nalepo juu ya paa, amepiga magoti, samadi imemganda mpaka kwenye viwiko. Koinet alikuwa ameketi pembeni na mwenzake wa rika, anachonga fimbo.

"Shikamoo, mzee," Koinet alisema akisimama.

"Marahaba. Baba Lekishon, mbona mkeo yuko juu na wewe umekaa chini?"

Koinet aliangalia paa, kisha akamwangalia mgeni, akitafuta tatizo liko wapi. "Linavuja, mzee."

"Nimeona. Kwa nini hulizibi wewe?"

"Mimi?" Alimgeukia mwenzake, akamwambia jambo kwa Kimaasai, wote wawili wakaangua kicheko. "Mzee, mwanaume akionekana anakandika, watu watauliza mke wake amekimbilia kwa nani."

"Nyumba ina nguzo ngapi?"

"Muulize mwenye nyumba. Mimi nalala tu."

Nalepo alishuka, akanawa, akatukaribisha ndani. Kornelio aliinama, lakini hakuinama vya kutosha, akagonga paji la uso mlangoni. Alikaa kwenye kigoda akishika kichwa chake kwa heshima zote. Nalepo alitupa chai, halafu akamwonyesha nyumba: fito hizi alizikata mwenyewe na wanawake wawili wa jirani, hii imepinda kwa sababu alikuwa na mimba ya Lekishon na hakuweza kuivuta vizuri, pale alipakandika mara tatu kwa sababu ya upepo. Alieleza bila kujigamba, kama mtu anavyoeleza mahali alipoweka chumvi. Kornelio aliuliza maswali mazuri. Aliandika kwenye daftari lake dogo.

Kisha akafunga daftari.

"Mama Lekishon, nimeona kwa macho yangu. Umejenga, na hilo nitaliandika. Lakini siwezi kuandika kwamba kitabu kimekosea. Kitabu kimeandikwa na wasomi."

Nalepo alichukua birika. Alimwongezea chai.

"Mzee, niulize kitu?"

"Uliza."

"Lile shamba mnalolima kwenu Munisagara ni la nani?"

"La ukoo."

"Ukoo wa baba yako?"

Kornelio alipuliza chai ambayo haikuwa ya moto sana. "Wa mama. Kwetu ardhi hupita kwa mama. Mjomba ndiye msemaji tu."

"Basi angalia hapa." Alichukua kazi yake, akafungua ukurasa wa tano. "Swali la sita. Shamba la familia ni la nani? Mimi sina shamba, sikujua. Nikaandika kama kitabu: shamba ni la baba. Wakanipa alama mbili zote. Nikadhani watu wa milimani mnaishi kama kitabu. Juzi nikamweleza mama mmoja wa kwenu anayenunua maziwa kwangu. Alinicheka mpaka akataka kumwaga maziwa."

Kornelio aliweka kikombe chini. Nililima msimu ule ule kwenye kipande cha bibi yangu mzaa mama, na nilipokuwa chuo cha ualimu niliulizwa swali kama hilo, nikaandika kwamba ardhi ni ya baba, nikapewa vema nyekundu. Sikusita hata kwa dakika moja. Sikuona hata kwamba nimesema uongo. Hicho ndicho kilichonisikitisha pale kwenye kile kigiza chenye harufu ya moshi: kwamba Nalepo aliumia kukatiwa jibu lake la kweli, na mimi langu sikulikumbuka.

"Ninachojua wamekikata," Nalepo alisema, "na nisichokijua wamekipa vema. Sasa nitawafundishaje watoto wa huku na wa milimani?"

Kornelio alianza kucheka. Alicheka taratibu, mabega yakitikisika, mpaka Koinet akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

"Wewe mama, una maneno! Lete hiyo karatasi."

Aliandika uthibitisho palepale, akiutegemeza juu ya goti. Aliandika ukurasa mzima na nusu. Mwishoni akaongeza kwamba yeye, Kornelio, mzaliwa wa Munisagara, analima shamba la ukoo wa mama yake na hajawahi kuona aibu kwa hilo. Akasaini kwa jina refu, lile la ubatizo na la babu pamoja.

Barua ya Nalepo mwenyewe tuliiandika kwangu. Aliomba kwanza arudishiwe alama mbili za swali la nne. Kisha akaanza aya nyingine, nikaona anakoelekea.

"Hilo la shamba usiliandike," nilisema. "Hakuna aliyekuuliza. Wakikunyang'anya zile mbili za shamba, unarudi palepale kwenye arobaini na nane."

"Najua."

"Darasa litakwenda kwa Damiano."

"Najua, Mwalimu."

"Sasa?"

Alizungusha kalamu vidoleni. "Wakinipa kwa la nyumba kwa sababu ni kweli, nitanyamazaje kwa la shamba?"

Akaandika. Aliandika kwamba jibu lake la swali la sita ni la kitabu, si la watu wa hapa, na kwamba wakiona haki wanaweza kuliondoa. Nililamba bahasha mwenyewe nikiwa nimekasirika.

Halafu mvua ikaja kweli. Wote tunaikumbuka ile mvua, watu waliiita El Nino hata vikongwe. Reli ilikatika, barabara ya Kilosa ikawa tope, mto ule wa katikati ukala ukingo wake. Nalepo hakuweza kwenda Mikumi. Maziwa aliwapa ndama, na kila gari lililofanikiwa kupita lilipoleta habari, habari hiyo haikuwa bahasha. Desemba ikaisha. Kikao cha kata kilipangwa Ijumaa ya mwisho ya Januari, na nilipopita ofisini kwa Kornelio niliona jina la Damiano limeshaandikwa kwenye fomu, kwa penseli.

"Kwa penseli," Kornelio alisema alipoona nalitazama.

Siku mbili kabla ya kikao, Koinet alipeleka ng'ombe wanne mnadani Mikumi. Walivuka mito miwili, ule wa katikati na mwingine wa njia ya Mikumi, maji yakiwa kifuani. Karani wa posta, ambaye alikuwa amekaa miezi miwili bila maziwa ya kuaminika, alimwona akipita, akamwita kwa jina la mkewe. Koinet alirudi jioni ile akiwa amefunga bahasha kwa mfuko wa nailoni na kuishika juu ya kichwa muda wote wa kuvuka ule wa njia ya Mikumi. Hakujua kusoma. Alikuja nayo moja kwa moja mpaka kwangu, kwa kuwa ndiyo njia ya kwenda kwake, akaketi kibarazani, maji yanamchuruzika.

"Mwalimu, ni nzuri au mbaya?"

"Ni ya mkeo. Siwezi kuifungua."

"Mimi sikuambii uifungue. Iangalie tu kwa nje. Nyie walimu mnajua."

Niliigeuzageuza. Ilikuwa nene. "Nene," nilisema.

"Nene ni nzuri?"

"Sijui, Baba Lekishon. Nenda nyumbani."

Alikwenda. Mimi nililala vibaya. Asubuhi Nalepo alikuja mwenyewe, miguu imejaa tope mpaka magotini, hakusema hata shikamoo. Alinipa barua. Msahihishaji aliandika kwa mkono, si kwa taipu. Alisema amesoma barua zote mbili, amemwonyesha mkuu wake wa somo, na swali la nne limepewa alama zake mbili. Kuhusu swali la sita aliandika: "Umeadhibiwa kwa kosa letu mara moja, hatutakuadhibu mara ya pili. Alama zako zinabaki. Swali litaandikwa upya." Jumla, hamsini. Unene wa bahasha ulikuwa cheti, kimewekwa kati ya makadi mawili magumu kisikunjwe.

"Hamsini," Nalepo alisema. "Sikuzidisha hata moja."

"Ulitaka ngapi?"

"Hizo hizo." Ndipo akakumbuka. "Shikamoo, Mwalimu."

Ijumaa Kornelio alifuta penseli mbele ya kikao kizima, akapuliza vumbi la ufutio, akaandika jina la Nalepo kwa wino.

Darasa lilifunguliwa mvua zilipopungua. Siku ya kwanza nilikwenda kuangalia. Ghala lilikuwa limefagiwa, bado lina nyuzi za pamba kwenye nyufa. Walikuja wavulana kumi na wanne na wasichana wawili. Nalepo aliwahesabu, akatoka nje, akasimama akiangalia njia ya mtoni. Wasichana walikuwa kule, wadogo kwa wakubwa, wanateka maji na mama zao. Kwa nyumba zile na za wakulima wa jirani, maji ya asubuhi ni ya mtoto wa kike, na saa mbili ndiyo saa yake.

Kesho yake alihamishia masomo saa nne. Kornelio alikuja na fomu yake.

"Mama Lekishon, mwongozo unasema saa mbili kamili."

"Nimeusoma, mzee."

"Ukaguzi ukija?"

"Ukija saa nne utatukuta wote."

Kornelio alitazama fomu, akatazama mlango. Wasichana walikuwa wanaingia, pindo za nguo zao zimelowa, wengine wana alama ya kata ya kubebea ndoo kichwani. Alikata "saa mbili" kwa kalamu, akaandika nyingine juu yake, akaweka saini ndogo pembeni kama wanavyofanya benki.

Nilikaa nyuma kabisa nikasikiliza. Nalepo aliuliza kwa Kimaasai, kisha kwa Kiswahili, na watoto wa wakulima wakawa wanajibu kwa lugha isiyo yao kwa kucheka, na wale wa wafugaji wakawa wanawarekebisha. Nilikuwa na kazi nyingi shuleni, lakini sikuinuka mapema. Kabla ya kuondoka nilitazama kitabu chake cha mahudhurio. Wavulana walikuwa kumi na saba, wasichana kumi na sita. Nikahesabu vichwa, nikapata mmoja pungufu. Nalepo alinyoosha kidole kwenye kona, kwa msichana mmoja wa miaka sita aliyebeba mdogo wake mgongoni, mdogo huyo amelala fofofo, kwa sababu bila yeye dada mtu asingeruhusiwa kuja. Huyo mdogo naye alikuwa amemwandika.